Kuufuata Sabaki hadi kwa Mavyaa

Safari hii sikuitaka. Nalisema mapema asije mtu akadhani nilikwenda bara kutembea na kupunga hewa baridi. Niliitwa kwa barua. Aliyeiandika ni shemeji yangu Mwaura, ndugu yake marehemu mume wangu, nayo ilikuwa fupi: Njoroge amezikwa bila sisi kujua, mama yake hapati usingizi, uje umweleze mwenyewe ana kwa ana, la sivyo tutakuja Malindi na karatasi ya korti tumfukue, tumrudishe kwao. Neno lile "tumfukue" nililisoma mara moja tu, nikaikunja barua na kuitia chini ya godoro. Haikunisaidia. Usiku kucha niliilalia kama mtu aliyelalia kokoto.

Njoroge alikuja Malindi angali kijana, fundi wa mawe, wakati hoteli za ufuoni zilipoanza kujengwa. Alisilimu akaitwa Idrisa, akanioa. Mimi nilimwita Njoroge nilipotaka kumkasirisha, na miaka ilivyokwenda, nilipotaka kumpendeza. Kifua kilipochoka na vumbi la mawe tulihamia Ganda, akapata shamba kando ya mto Sabaki, mahali ambapo hakuna mwenye akili timamu aliyetaka kulima. Kila masika mto ulipanda ukala mahindi yetu, kisha ukashuka ukaacha tope jekundu la kufika magotini. Majirani walikuja kutupa pole. Njoroge yeye alivua ndara, akaingia katika lile tope akicheka, akasema, "Shamba la mama limefika." Miaka kumi na tano nilidhani ni mzaha wa mtu wa bara.

Alikufa Ijumaa alfajiri akitawadha. Kwetu maiti halazwi. Kabla ya alasiri alikuwa ameshafunikwa, na watu wamekwisha kula wali wa matanga. Telegramu ya kwenda kwao niliituma kesho yake. Kisha nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba kama ipasavyo. Sisi twaita heshima kwa mume. Kumbe kule kwao walikuwa wakihesabu siku hizo moja moja, wakiita dharau.

Eda ilikwisha Jumanne. Alhamisi nikafunga safari.

Ganda, saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya kwenda barabarani nilishuka mtoni. Ulikuwa mwisho wa kaskazi, mto umekauka umebaki mkondo mwembamba katikati ya mchanga, na ng'ombe wa mtu wamesimama ndani yake maji yasifike matumbo yao. Binti yangu Zuhura alinifuata na kikapu.

"Mama, wakikwambia watamchukua baba, utawajibu nini?"

"Sijui," nikamwambia. "Nitajua nikifika."

"Na wakikupiga?"

"Mtu mzima hapigwi, Zuhura. Hununiwa."

Nilichukua baibui langu, kanga doti mbili, halua, na viatu vya wazi vya kwendea arusini. Hakuna aliyenieleza baridi ni nini. Nami sikuuliza, maana nilidhani naijua.

Kilifi, saa tatu. Siku hizo daraja halijajengwa, tulivuka kwa feri, na feri ilikuwa ng'ambo ya pili haina haraka. Nilikaa juu ya kikapu changu kivulini. Mwanamke mmoja muuza korosho, mtu wa Takaungu kwa lafudhi yake, alinitazama mavazi akaniuliza, "Waenda arusini, dada?"

"Naenda kuhukumiwa."

Akacheka, kisha akaona sicheki. Akanitilia gao la korosho kikapuni. Niliyatazama maji ya ile hori ya Kilifi, mazito na safi, rangi ya wino, nikawaza kwamba huku hawajui taabu yetu. Kule Malindi bahari yenyewe hugeuka nyekundu mvua zikinyesha bara, wageni wa hoteli wakakasirika, wakauliza nani ameichafua. Tukawaambia, mto. Hakuna aliyeuliza mto nao umechafuliwa na nani.

Mombasa nililala kwa binamu yangu, na sina la kuieleza zaidi ya kwamba nililala.

Ijumaa asubuhi nikapanda basi la Nairobi. Njia ile ni ndefu na haina huruma. Nyika ni ileile, miiba ileile, vumbi lile jekundu lililoingia hata ndani ya chupa yangu ya maji. Karibu na adhuhuri tulivuka daraja la Tsavo. Chini yake palipita maji meupe, yana mbio. Nikamwita utingo.

"Mwanangu, mto huu waenda wapi?"

"Huu, mama, unakutana na mto Athi huko chini. Ikishakutana unaitwa Galana. Ukifika kwenu ndio Sabaki."

"Mto mmoja majina yote hayo?"

"Kama dereva wa malori, mama. Kila kituo ana mke na kila mke ana jina lake."

Watu walicheka, nami nikacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu Zuhura anibebee kikapu. Lakini tangu hapo nikawa macho. Mlima Kilimanjaro, walisema, uko kushoto. Ulikuwa umejifunika mawingu, sikuuona. Alasiri tukafika uwanda wa Athi, tambarare ya majani makavu, nikaonyeshwa mto mwenyewe. Nilisimama kitini nikautazama. Mto niliouogopa miaka yote, uliochukua mbuzi wangu na mara moja mlango mzima wa jiko langu, hapo ulikuwa mfereji. Ningekunja baibui ningeuruka. Nilisikia hasira, kama mtu aliyekutana na jambazi mchana akamwona ni mfupi.

Nairobi, saa kumi na moja. Mwaura alikuwa akinisubiri stendi. Nilimjua kabla hajasema jina lake, kwa sababu alisimama kama Njoroge, mkono mmoja nyuma ya kiuno. Alinipa vidole vya mkono, si kiganja.

"Umefika," akasema. "Pole na safari."

"Nishapoa, shemeji."

Alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, na amekuja na pikapu ya kazi. Tulitoka mjini, tukapita mashamba ya kahawa, kisha barabara ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda tena. Mashariki ulijitenga mlima mmoja peke yake, akaniambia ndio Kilimambogo, na kwamba Athi huupita miguuni. Kahawa ikaisha tukaingia kwenye chai, kijani kitupu, migongo ya vilima ikifuatana. Nilikuwa nimejifunga doti zote mbili za kanga juu ya baibui na meno yanagongana. Mwaura aliona, akanirushia koti lake bila kunitazama.

"Mama atakuuliza kitu kimoja tu," akasema. "Usimdanganye."

"Sikuja kudanganya."

"Karatasi ya wakili iko tayari nyumbani. Kilichobaki ni yeye kuweka kidole. Alisema hataweka mpaka akuone. Mimi ningekuwa nimeshaweka."

Nilimshukuru kwa ukweli wake, ingawa ulinichoma.

Tulifika jua likizama, juu ya Gatundu, mahali ambapo mashamba yanakoma na msitu wa Nyandarua unaanza. Nyumba ya mavyaa yangu, mama yake Njoroge, iliinamia genge. Shamba lake lilikuwa mteremko mkali kiasi kwamba nilidhani mahindi yake yamefungwa kamba. Chini kabisa ya mteremko kilipita kijito. Yeye mwenyewe alikuwa shambani, mwanamke mdogo, mkavu, yapata miaka sabini na zaidi, ndani ya buti za mpira, anachimba mtaro.

Nilimwendea nikiteleza kwa vile viatu vyangu vya arusini. Nikainama.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Shikamoo yangu ikabaki hewani. Nilijua wa bara wengi hawana salamu hii wala hawana jibu lake, lakini mtu aliyesafiri siku mbili na salamu yake mdomoni huumia ikikosa pa kutua.

Aliegemea jembe lake. Kiswahili chake alikiokota ujanani mwake akichuma kahawa kwenye mashamba ya wazungu, kilikuwa Kiswahili cha amri tupu, maana ndicho alichosemeshwa.

"Njoroge nalala udongo gani?" akaniuliza.

Ndilo lile swali moja. Mwaura alisimama nyuma yangu. Nilitazama udongo wa pale miguuni, mwekundu, mzito, mzuri, nikatamani kusema, udongo kama huu, mama. Lakini makaburi yetu yako juu, mbali na mafuriko na tope lake, karibu na msikiti. Sina budi kuandika kwamba uongo ulikuwa ulimini kabisa.

"Mchanga, mama. Mchanga mweupe."

"Mchanga," akarudia. "Ile ya kujengea nyumba."

"Ndiyo, mama."

Akageuka akaendelea kuchimba. Mkewe Mwaura akaja akanishika mkono, akanipeleka jikoni kwenye moto, akanipa uji wa moto na sweta la mtoto wake mkubwa. Hakuna aliyenitukana. Nilinuniwa tu, kama nilivyomwambia Zuhura.

Jumamosi niliamka na viungo vyote vinauma. Nje hapakuwa na dunia; palikuwa na ukungu. Nikasikia jembe. Mavyaa alikuwa ameshaanza. Mwaura alinieleza kwamba mvua za masika zimekaribia na kila mtu mteremkoni anachimba mitaro ya kuzuia maji. Maofisa wa kilimo waliifundisha wakaipa jina la fanya juu. Wengine huchimba mwaka mmoja wakachoka. Mama yake alichimba kila mwaka, hata alipokuwa mgonjwa, kwa sababu tangu aolewe pale amekuwa akiona shamba lake linaondoka.

Sikuweza kukaa jikoni mwa mtu nikiota moto huku yeye analima. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wasema wahenga. Mimi sikungoja ya tatu. Nilikopa jembe na buti, nikasimama mtaroni hatua chache kutoka kwake, nikaanza. Kwetu Ganda nimelima maisha yangu yote na sikudhani kuna wa kunifunza. Nilichimba, nikatupa udongo pale panapotupika kirahisi, upande wa chini. Nikachimba, nikatupa chini. Jasho likanitoka, nikaanza hata kujisikia vizuri.

Nikasikia ukelele. Mavyaa alikuwa amekuja hadi mbele yangu, ameushika mpini wa jembe langu kwa mikono miwili.

"Hapana tupa chini!" akapiga kelele. "Wewe natupa mimi! Tupa juu! Juu!"

Akainama akanionyesha. Udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko, ufanye tuta. Huko ndiko kuitwa fanya juu. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Kila jembe unainua dhidi ya mlima. Ukitupa chini, mvua ya kwanza inauzoa.

"Mimi miaka hamsini natupa juu," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu. "Miaka hamsini. Mvua nakuja, nabeba. Mimi naleta juu, yeye nabeba chini. Saa hii wewe nakuja kusaidia mvua. Hii udongo naenda wapi? Wewe najua naenda wapi?"

Nilisimama pale na tope mikononi, nami nilijua. Nilikuwa nimeufuata mto njia nzima, daraja kwa daraja. Kile kijito cha chini, alivyonieleza Mwaura, huingia mto Ndarugu, Ndarugu huingia Athi, na Athi najua mwisho wake kwa sababu nimelala kando yake miaka kumi na tano. Nikaangalia rangi ya viganja vyangu. Nilianza kulia, na sikulia kwa adabu.

"Kwetu," nikamwambia. "Waja kwetu, mama. Waja shambani kwa Njoroge."

Hakunielewa, au hakutaka. Ikabidi nimsimulie, polepole, Mwaura, aliyekuja kwa zile kelele, akinisaidia kwa Kikuyu maneno yaliponishinda. Nikamwambia jinsi mtoto wake alivyochagua shamba ambalo kila mtu alilikimbia. Jinsi mto ulivyotula mahindi, watu wakatupa pole, naye akavua ndara akaingia kwenye tope la magotini, akalishika, akalinusa, akacheka. Nikamwambia alichokuwa akisema.

"Sema tena," akasema mavyaa.

"Shamba la mama limefika. Kila mwaka, mama. Nilidhani ni mzaha. Akapanda mahindi humo, na mchicha, na maboga, tukala, tukamlea mjukuu wako."

Mwaura hakutafsiri hilo la mwisho. Hapakuwa na haja. Mavyaa alitazama kule chini kijitoni. Kisha akalaza jembe, jambo ambalo mkewe Mwaura aliniambia baadaye hajaliona saa nne za asubuhi tangu aolewe, akapanda polepole akaingia nyumbani kwake akafunga mlango. Jioni hakutoka kula. Mwaura alikaa mezani na ile karatasi ya wakili imekunjwa katika mfuko wa shati, naiona kila akivuta pumzi.

Jumapili alfajiri mlango wangu uligongwa kwa mpini wa panga.

"Vaa buti," akasema mavyaa. "Twende."

Tulipanda wawili tu. Shamba liliisha, tukaruka kijito mara mbili, tukaingia msituni. Nilizoea misitu ya pwani, mikavu, yenye kelele. Hii ilikuwa imelowa toka juu mpaka chini na kila kitu kimevaa kuvu. Mbega walituchungulia mitini na makoti yao meupe. Kisha mianzi, mirefu, imesongamana, na njia yetu ikawa ni kijito chenyewe, tunakanyaga mawe yake. Yule bibi wa miaka sabini alipanda kama anakwenda sokoni. Mimi nilisimama kila hatua ishirini nikishika mbavu. Kila niliposimama naye alisimama, akitazama pembeni ili nisione haya. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Palikuwa na uwazi mmoja ambapo mti mkubwa ulianguka, na ukungu ukafunguka. Akaninyooshea panga upande wa kaskazini. Nikaona ncha nyeusi imepakwa weupe, juu ya mawingu, nikadhani nayo ni wingu.

"Kirinyaga," akasema. "Ile nyeupe ni barafu."

Niliutazama Mlima Kenya mpaka machozi ya baridi yakanitoka. Nimeuona tangu utotoni katika noti na picha, na bado sikuwa tayari.

Chemchemi ilikuwa mbele kidogo. Nilitarajia kitu kikubwa. Nilitarajia mngurumo, shimo, ziwa, kitu cha kustahili jina la mto uliochukua mlango wa jiko langu. Palikuwa na jiwe lenye kuvu, na chini yake, katikati ya mizizi ya mti, maji yakitoka kiasi cha birika la kutawadhia. Ndiyo yote. Mavyaa alisema ziko nyingine nyingi kama hiyo huko juu, kila bonde na yake, na zote huishia mto mmoja. Lakini hii ndiyo ya nyumba yake. Nilipiga magoti nikayakinga kwa viganja. Yalikuwa baridi hata mifupa ikalia, na safi, hayana hata chembe ya udongo. Mto wetu huzaliwa mweupe. Wekundu waupata kwenye mashamba ya akina mama wenye majembe.

"Hapa Njoroge nachota maji, mtoto kidogo," akasema mavyaa. Alikaa juu ya mzizi. "Yeye nakufa, nani nashika?"

"Mimi, mama. Kichwa chake kilikuwa hapa." Nikamwonyesha paja langu.

"Nasema nini?"

"Alikuwa akitawadha. Alisema, maji yana baridi leo. Basi."

Akatikisa kichwa kama aliyepokea kitu alichokuwa akikingoja. Maji yaliendelea kutoka. Nikaona kwamba nisiposema pale sitasema tena.

"Mama, kosa ni langu. Dini yetu inaharakisha maziko, hilo sitaliombea radhi. Lakini telegramu ningeweza kutuma mtu aipeleke asubuhi ileile, angalau mjue saa anayozikwa, mkae mkao wa msiba pamoja nasi. Nilitanguliza sanda, telegramu ikafuata. Nilisahau kama ana mama. Nilidhani ni wangu peke yangu."

Akakwangua tope la panga lake kwa jani. Mimi nilisikia baridi ikinipanda toka magotini nikasema moyoni, basi, watamfukua, na nitakuwa nimesema kweli, na kweli haikunifaa kitu.

"Ile siku ya kwanza," akasema, "wewe nasema shikamoo. Njoroge nafundisha mimi jibu yake, zamani, wakati nakuja kusalimu. Mimi najua. Mimi nakataa tu kukupa." Akaweka mkono wake mgumu juu ya kichwa changu, juu ya kanga. "Marahaba."

Nilikuwa nimeshalia jana. Lakini machozi hayana hesabu.

Tuliporudi Mwaura alikuwa uani, na karatasi yake na kile kidude cha wino cha kutilia kidole, vimepangwa juu ya kigoda. Mavyaa alivitazama akavipita. Alimwambia jambo kwa Kikuyu, fupi, naye Mwaura akajibu kwa sauti kubwa, akanionyesha mimi kwa mkono. Nilielewa neno moja tu, jina la Njoroge. Mama akageukia Kiswahili ili nami nisikie.

"Kidole yangu iko na kazi," akasema. "Njoroge nalima udongo yangu miaka kumi na tano. Nakula udongo yangu. Yeye hapana potea. Mimi nadhani napotea, kumbe nafuata shamba. Wacha yeye."

Kisha akachukua jembe, akashuka mteremko wote hadi kwenye tuta la chini kabisa, pale juu ya kijito. Sote tulimfuata. Alichimba jembe moja, likajaa, jekundu, zito. Akaliinua. Na yule mwanamke aliyetupa udongo juu miaka hamsini akageuza kiuno, akautupa chini. Ukatumbukia kijitoni. Maji yakawa mekundu hatua tatu nne, yakapinda kwenye jiwe, yakaenda.

"Mama!" Mwaura akaita, kwa sauti ya mtoto aliyeona mzazi wake anavunja sahani.

"Ile moja ni ya Njoroge," akasema. Akanigeukia mimi. "Maji ikileta kwako, chukua kikapu moja, peleka kwa mchanga yake."

Kisha akarudi juu, akaendelea na mtaro wake, anatupa juu. Mwaura akaichana ile karatasi vipande vinne, akaenda kuchukua jembe lake. Mchana alinipa kiganja kizima.

Nilirudi Jumanne, njia ileile, na sina nguvu ya kuieleza upya. Miguu ilivimba. Halua niliiacha kwa mkewe Mwaura, nikarudi na sweta la mtoto na hindi moja la mbegu. Pale Athi nilisimama tena kitini nikautazama ule mfereji, lakini safari hii niliutazama nikijua kwamba kuna mzigo nyuma yangu unakuja, na kwamba nitafika kwanza. Kilifi yule muuza korosho hakuwapo. Zuhura alinipokea barabarani, akanitazama uso, akachukua kikapu.

Mvua za bara zilianza mwezi uliofuata. Sabaki ulipanda wiki nzima, ukafika hadi mnazi wa pili, ukala mahindi yote kama kawaida yake. Uliposhuka, shamba lilikuwa tope la magotini, na majirani wakaja kunipa pole. Niliwashukuru. Nikavua ndara, nikaingia. Lilikuwa na baridi kidogo. Sikucheka kama yeye, sina kifua cha kucheka siku hizi, lakini nilijaza kikapu udongo ule, nikajitwisha, nikapanda nacho hadi makaburini, nikaumwaga taratibu juu ya ule mchanga mweupe, upande wa kichwani. Sikumwuliza mtu kama inaruhusiwa. Nilichojifunza katika safari ile ndicho hicho tu: mume wangu alikuwa na mama, na kila masika mama yule alikuwa akituletea shamba lake, nasi tukipewa pole.

Jioni nikamwandikia Mwaura barua, fupi kuliko ile yake. Mwambie mama, nikaandika, umefika.